Mtihani wa Kibokoni

Makupa, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Kabla ya yote nakuomba radhi kwa kukawia kukuandikia. Najua kila Ngowa akirudi na lori lake la nazi umemwuliza kama nimempa barua, naye amekujibu kwamba nimempa salamu tu. Ngowa hasemi uongo. Nimekutana naye pale Marikiti mara nyingi, karatasi iko mkobani mwangu imekunjwa, nami nampa salamu na mche wa sabuni, halafu narudi nyumbani na karatasi yangu. Usimlaumu. Nilaumu mimi, ila ngoja kwanza umalize kusoma.

Wajionaje na hali? Goti limekuwaje baada ya ile dawa ya kuchua? Na mvua huko Rabai imenyesha ya kupandia, ama ni mawingu tu yanapita kama huku? Sisi hatujambo. Mumeo mdogo, mjukuu wako Mung'aro, hajambo kabisa, ana meno mawili chini na la tatu lachungulia juu, na sasa anatambaa, lakini anatambaa kinyumenyume kama kaa. Akiona kitu anachokitaka anajitahidi, na kila akijitahidi kinazidi kuwa mbali, basi hukaa chini akakitukana kwa lugha yake. Babake, Kenneth, naye mzima, bado yuko Naivasha kwenye kazi ya reli, huja akipata ruhusa. Anakuamkia sana.

Utauliza kwa nini nisipige simu kama watu wengine. Mama, simu yako nikiipiga hupokewa na watoto wa jirani, huwekwa sauti ya juu, na nikisema shikamoo nasikia marahaba tatu. Mara ile niliyosema matiti yananiuma, aliyenipa dawa ni Mjomba Barnabas. Haya ninayotaka kukwambia si ya watu wote. Vaa miwani yako, kaa penye mwanga, usome mwenyewe.

Kwanza nikueleze hii kazi yenyewe, maana nimesikia unawaambia watu wa kanisani kwamba binti yako ni mwalimu wa chuo kikuu. Mimi si mwalimu, mama. Nina kile cheti changu cha uhazili, basi. Tangu Bi Ndinda astaafu, mimi ndiye kaimu mratibu wa masomo katika idara ya biashara. Wahadhiri wanafundisha, mimi napanga nani afundishe nini, katika chumba gani, saa ngapi, na mtihani ufanywe lini na usimamiwe na nani. Ni kama yule mama anayesimamia mapishi ya harusi. Hashiki mwiko, lakini wali ukiungua anayetafutwa ni yeye. Madarasa mawili yakikutana mlango mmoja, walimu wao wakitazamana kama majogoo, naitwa mimi. Feni ikikwama, mimi. Mhadhiri asipokuja, wanafunzi hawamtafuti yeye, wanajaa mlangoni kwangu. Tuko wawili tu ofisini, mimi na Mutanu. Unamkumbuka Mutanu, yule Mkamba aliyekuja nilipojifungua akakuletea maembe, akasema ni ya nyanya si ya mzazi, mzazi atakula uji.

Kazi naipenda, sikufichi. Lakini tangu nirudi kutoka likizo ya uzazi moyo wangu hautulii. Nikiwa ofisini namsikia mtoto akilia, na mtoto yuko Makupa kwa Mama Dancan, jirani yangu, hata angelia vipi nisingemsikia. Nikiwa naye kifuani napanga vyumba kichwani. Chakula nakula nimesimama. Siku moja nilitoka nyumbani na kijiko cha uji kwenye mkoba wa kazi na funguo za ukumbi nimemwachia Mung'aro azitafune. Wanafunzi wakangoja juani mpaka nilipozifuata.

Ndiyo maana nilikubali ulipolisema lile jambo. Mwenyekiti wa idara, Daktari Badawi, aliniita akaniambia bodi ya idara iko tayari kunithibitisha, lakini muhula ujao yataanza madarasa ya jioni na ya Jumamosi, na mratibu sharti awepo. Nilipokwambia, hukufikiri hata kidogo. Ukasema mlete kwangu nimwachishe ziwa, nitakaa naye mpaka afikie kwenda shule, kama bibi yako alivyokulea wewe, na mbona hukuharibika. Nikasema sawa mama, mitihani ikiisha tu namleta. Siku ile ile ukamwambia Mjomba Barnabas achonge kitanda. Ile picha mliyonitumia niliipata. Kile kitanda ni kizuri, mama, na zile kamba za ukindu amezisuka kwa mkono wa mtu asiyekimbizwa na saa. Nilimwonyesha Mutanu, akasema kwa kitanda kama hicho yeye mwenyewe yuko tayari kuachishwa ziwa. Nikacheka naye. Kisha nikaingia kwenye chumba cha karatasi, nikajifunga humo, nikalia kidogo.

Sasa sikiliza lililotokea wiki ya mitihani.

Alikuja ofisini kijana mmoja aitwaye Athmani, ametoka kazini bandarini na vumbi lake, akasimama mlangoni hasemi. Mutanu akamwuliza kama amekuja kupimwa urefu. Ndipo akasema mkewe ni Swabra, mwanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho, amejifungua juzi, na amebakiza mtihani mmoja tu wa takwimu amalize chuo. Nyumba yao iko Kibokoni, Mji wa Kale. Na wewe wajua desturi ya watu wa pale: mzazi hatoki mlangoni mpaka arobaini yake iishe. Swabra amesema mtihani ataufanya hata kwa kupitia dirishani. Shangazi yake aliyemlea, Bi Amriya, ameapa kwamba yeye akiwa hai hakuna mzazi atakayetoka mwili wazi akapigwe na upepo wa barabarani kwa ajili ya karatasi. Tangu asubuhi hawasemezani, na Athmani ndiye anayetumwa huku na huku ndani ya nyumba moja. Aliniambia, dadangu, ni bora nilale bandarini.

Somo lile hufundishwa mara moja kwa mwaka. Akiukosa mtihani ule angengoja mpaka mwaka mwingine. Bi Ndinda enzi zake aliwajibu wazazi wote neno moja, pole, tuonane mwakani, na hakuna aliyemlaumu. Nami ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kusema pole. Lakini kanuni za mitihani nazijua, na zinasema mgonjwa asiyeweza kufika ukumbini anaweza kufuatwa alipo, mradi mratibu wa idara akubali na wasimamizi wawe wawili. Tumewahi kufanya hivyo hospitalini. Mzazi hakutajwa popote, si kwa kukubaliwa wala kwa kukataliwa.

Nikamwendea mhadhiri wa somo lile, Bwana Jeremy Ogutu. Si mtu mbaya, mama, usije ukamwombea mabaya. Ni mtu wa kanuni, na mtihani wake anaulinda kama kuku alaliaye mayai. Akasema kuzaa si ugonjwa, mamake yeye alizaa asubuhi na jioni alikuwa shambani akipalilia. Mutanu akamwuliza hayo aliyaona kwa macho yake ama alisimuliwa, maana yeye ndiye aliyekuwa akizaliwa. Ogutu hakucheka. Akaniambia leo tutapeleka mtihani Kibokoni, kesho Malindi, kesho kutwa wataomba upelekwe na pilau. Na akasema neno ambalo lilinikaa, kwamba ukivuja mtihani mmoja tu, vyeti vya wenzake wote vitatiliwa shaka. Hapo alikuwa na haki.

Daktari Badawi ni mtoto wa Mji wa Kale. Akasema yeye hawezi kutia sahihi, watu watasema anapendelea watu wa kwao. Lakini wewe ndiwe unayeongoza ofisi, akasema, ukiona yafaa weka jina lako, na ukiweka ni lako peke yako. Nikakaa na ile kalamu muda mrefu. Nilijua bodi haijanithibitisha bado. Nikaweka jina.

Siku ya mtihani tulipanda tuktuk mimi na Mutanu, bahasha imefungwa kwa lakiri, nimeikumbatia kama mtoto. Tulipofika Bi Amriya alikuwa juu ya ngazi, mikono kiunoni. Akatupigia ukelele, ndooni ndani basi, mwasimama mlangoni kama wadai. Mle ndani palinukia udi, na kitambaa kimeondolewa juu ya meza ya cherehani ili Swabra apate pa kuandikia. Msichana mwenyewe mdogo, macho yamemtoka kwa kukosa usingizi, leso imemkaza tumbo. Nikawaeleza masharti: mtu yeyote asiingie, asimsemeze, mpaka nitakapokusanya karatasi. Bi Amriya akauliza kama hata bismillahi imekatazwa na serikali. Nikamwambia aiseme kabla sijafungua bahasha. Mama, aliisema! Akaongeza na dua ya kila nabii anayemjua, nami natazama saa, kwa sababu bahasha ilitakiwa kufunguliwa wakati mmoja na ya ukumbini. Mutanu akaitikia amina mapema, kumkatiza.

Basi akaanza kuandika. Nyumba ile ilinyamaza vile ambavyo nyumba ya Kibokoni hainyamazi. Hata sufuria hazikugusana. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, tutamaliza.

Ndipo mtoto akalia chumba cha pili.

Kwanza kidogo, kama paka. Tukamsikia Bi Amriya akimbembeleza, akitembea naye. Kilio kikapanda. Mwenye njaa ni mwenye njaa, mama, hata abembelezwe na malaika. Swabra hakuinua kichwa. Hakuomba. Ila kalamu ilisimama, na nikaona sehemu ya kifuani ya dera lake inageuka rangi kwa kulowa. Akaandika neno, akalikata. Akaandika tena, akakata. Mutanu pale mlangoni akanitazama. Kanuni ilisema hakuna mtu atakayeingia, na mwenye kuitunza ni mimi, na pale hapakuwa na mtu mkubwa kuliko mimi wa kumwuliza.

Nami wakati ule ule nilihisi maziwa yangu yakishuka. Nimevaa blauzi yangu ya kazi, ile ya samawati, na ikalowa mbele ya mwanafunzi. Mtoto wangu alikuwa Makupa, huenda amelala, huenda anacheza, hana habari na mimi. Mwili haukuuliza analia mtoto wa nani.

Nikaenda mlangoni, nikampokea mtoto, nikamwambia Bi Amriya yeye abaki huko huko. Mutanu akanong'ona kwamba tumkague, kwamba Ogutu atauliza. Akasema kweli. Basi tulimlaza kitandani, tukamfungua nguo moja moja, watu wazima wawili wa chuo kikuu, tukakagua mpaka ndani ya nepi kama kuna majibu ya takwimu. Hapakuwa na kitu ila kazi yake mwenyewe. Tukamsafisha, nikampeleka kwa mamake, nikamweka upande wa kushoto. Swabra alimshika kwa mkono mmoja na mkono wa kuume ukachukua kalamu. Akaandika, mama. Aliandika kama maji yaliyofunguliwa. Mtoto akanyonya mpaka akalala na titi mdomoni, naye hakuacha kuandika. Sikumwongezea hata dakika. Muda ulipokwisha nikachukua karatasi.

Tukirudi, Mutanu alinisihi nisiliandike lile kwenye taarifa. Nani atajua, akasema. Nikamwambia kabla hatujafika Marikiti Bi Amriya atakuwa ameshawaambia Kibokoni nzima. Lakini si hilo tu. Nisipoliandika, mzazi atakayekuja baada ya Swabra ataukuta mlango umefungwa kama zamani. Nikaandika: mtoto mchanga aliingizwa chumbani, akakaguliwa na wasimamizi wote wawili, akanyonya.

Wiki iliyopita niliitwa mbele ya bodi. Bwana Ogutu alisema hana neno na mtoto, ana neno na mlango uliofunguliwa. Waliulizana sana, wengine wakicheka, wengine wamekunja uso. Daktari Badawi akaniuliza, jambo lile likitokea tena utafanya vipi? Nikasema nitafanya vizuri zaidi, mtoto nitamkagua na kumwingiza tangu mwanzo ili mlango usifunguliwe. Wakanitoa nje nikangoja. Waliponirudisha walisema mtihani umekubaliwa, nami nitapewa onyo la maandishi kwa kubadili utaratibu bila idhini. Ogutu mwenyewe ndiye aliyeusahihisha. Alinipitia ofisini akasema amefaulu, akaenda zake.

Sikudhani ingekuwa nyepesi hivyo, na haikuwa. Maana kabla sijainuka Daktari Badawi aliuliza kama mambo yangu ya nyumbani nimeyaweka sawa kwa muhula ujao. Alijua habari yako na kitanda. Watu wote wakanitazama. Nami, mama, nikasikia mdomo wangu unasema kitu ambacho hata Kenneth sikuwa nimemwambia.

Nilisema mtoto haendi popote. Nikasema nitaiongoza ofisi, na ratiba ya muhula ujao nimeshaipanga: jioni nyingine zitakuwa za Mutanu na nyingine zangu, Jumamosi tutapokezana, na zile jioni zangu Mung'aro atakuwa ofisini pamoja nami juu ya mkeka. Nikasema wakiona haifai, watangaze nafasi, nitampokea mratibu mpya na kumwonyesha kazi bila kinyongo. Wakasema watafikiri. Mpaka leo wanafikiri. Kila simu ya ofisini ikilia naikimbilia mimi kabla ya Mutanu.

Basi ndilo neno lililokuwa kwenye ile karatasi niliyokuwa nikirudi nayo kutoka Marikiti. Mama, simleti Mung'aro.

Najua umeshawaambia watu. Najua umekifagia kile chumba. Usidhani sikuamini, katika dunia hii hakuna mikono ninayoiamini kuliko yako. Lakini nikwambie jambo ambalo hatujawahi kulizungumza. Nililelewa na bibi hapo hapo Rabai, wewe ukifua mashuka ya hoteli kule Diani. Ulipokuja mwisho wa mwezi na mkate, nilikuwa nikijificha nyuma ya bibi. Nilikuita Dada, kwa kuwa watoto wote pale nyumbani walikuita hivyo, nawe hukunirekebisha. Uliitika tu. Nilikuwa mkubwa wa kwenda shule nilipojua Dada ndiye mama. Sikulaumu hata chembe. Wewe saa zako zilipangwa na watu wengine, na hukuwa na mlango wa kubisha. Mimi kazi yangu ni kupanga saa. Kama siwezi kumpangia mwanangu mwenyewe, nawapangia watu wengine kitu gani?

Ukilia, lia, kisha uniandikie. Na ukitaka kuja, njoo. Mlango ni wako, ukae hata mwezi, mumeo atafurahi. Lakini uje kukaa, usije kumchukua. Nasema kwa heshima, mama, na sitalibadilisha.

Nisalimie Mjomba Barnabas, umwambie matiti yamepona. Salamu kwa jirani zako na kwa hao watoto wanaopokea simu. Kenneth na Mutanu wanakuamkia. Ngowa atapita kwako Alhamisi. Nimemwomba angoje umalize kusoma ndipo umpakilie mizigo.

Ni mimi mtoto wako akupendaye,
Mercy

Vitu ninavyoomba unitumie ni hivi. Unga wa mtama wa uji wa mtoto, usiuchanganye na njugu kwa sasa. Mafuta ya nazi uliyoyapika mwenyewe, chupa ndogo yatosha, ya kumkanda kifua. Mkeka mmoja wa kutandika ofisini, ule mwembamba unaokunjika. Leso yako ya zamani, ile nyekundu iliyofifia uliyomwachia bibi anibebee, kama panya hawajaila. Na kitanda. Mwambie Mjomba asikivunje wala asilegeze kamba, akitoe miguu tu, na Ngowa akiweke juu ya nazi, si chini yake. Kije bila godoro. Godoro lake nimeshanunua.